Meza Kati ya Sindano na Kisu

Watu wakiniuliza nilifanya kazi gani ujanani, nawaambia nilikuwa fundi wa kujalidi vitabu, nao hunitazama kana kwamba nimesema nilikuwa rubani wa ndege. Kwao kitabu huanguka kutoka mbinguni kikiwa kimeshonwa tayari. Haya, wacha waamini hivyo. Nilishona vitabu vya nyimbo walivyoshika mama zao kanisani, rejista walizoitiwa majina asubuhi wakiwa wadogo, na vitabu vya risiti vya vyama vya kahawa na pareto. Kama kwako kuna kitabu cha zamani kilichochanika jalada na kurasa bado hazijang'oka, huenda ni uzi wangu unaozishika.

Kiwanda chetu kilikuwa mjini Kisii, nyuma ya maduka, mahali ambapo mvua ikinyesha unaingia kazini na nusu ya barabara kwenye viatu. Mbele kulikuwa na mashine za kuchapa, na wanaume wake wenye mikono myeusi kwa wino. Nyuma kulikuwa na chumba kirefu chenye madirisha mengi, nacho kilikuwa chetu, wanawake wa sindano. Nilifika pale karibu na mwaka wa Uhuru, binti wa Magwagwa mwenye mwandiko mzuri na ulimi mrefu. Nilitaka kuwa mwalimu. Baba akasema karo imekwisha na mwandiko mzuri haujazi chungu. Mchungaji wetu alifahamiana na mwenye kiwanda, ndipo nikapelekwa huko.

Karatasi ilitoka kwenye mashine ikiwa pana kama kitambaa cha meza. Tuliikunja kwa kipande cha mfupa uliolainishwa, tukaikunja tena, na tena, hadi ikawa mkunjo mmoja wenye kurasa zake zote mahali pake. Mikunjo tuliipanga, tukaitoboa mgongoni, tukaishona kwa uzi uliopitishwa kwenye nta. Vidole vyangu vilikatwa na karatasi hadi nikaacha kuhisi. Baada ya sindano, kitabu kilivuka kwenda upande wa pili wa chumba kukatwa kingo, na huko alikuwa mtu mmoja tu, mzee wa kisu.

Mambo ya malipo niyaseme mapema. Wanaume walikuwa na mshahara wa mwezi. Sisi tulilipwa kwa fungu: shona fungu, andikiwa fungu. Siku ambayo karatasi haikuja, ulikaa kwenye baraza ukitazama mvua, na jioni ukaenda zako kama ulivyokuja. Hakuna aliyeona ajabu. Wanawake wengine mle ndani walikuwa wameolewa, mazungumzo yao ni ya watoto na mashamba, nami nilikuwa nimepanga kachumba nyuma ya soko ambako hata jirani sikumjua. Nilikuwa mpweke kiasi cha kwamba Jumapili ikifika nilitamani Jumatatu.

Niliitamani Jumatatu kwa ajili ya mzee wa kisu. Kisu chenyewe kilikuwa mashine nzito ya chuma, yenye gurudumu la kubana karatasi na mkono mrefu wa kushusha wembe. Alijifunza kazi hiyo Kisumu kwa fundi mmoja Mhindi, baada ya kurudi kutoka vita vya Wazungu, na Kiswahili chake kilikuwa bado cha jeshini, kila neno limesimama wima. Siku zangu za kwanza alikuja kuutazama mshono wangu, akauinua kwenye mwanga, akaniuliza, "Mjukuu, uzi huu umelewa?"

"Si uzi, babu. Ni macho yako."

Wanawake waliguna. Mzee akacheka hadi akashika meza. Tangu siku hiyo akaamua mimi ni mjukuu wake, na alikuwa na sababu, kwa maana kwetu mtu ana ruhusa ya kutaniana na mjukuu, lakini kwa binti yake hana. Nami nikawa namwita sokoro, yaani babu, kwa lugha yetu. Asubuhi nikiingia, "Bwakire, sokoro," naye atanijibu kwamba kumekucha kwa wenye bidii, kwa wavivu bado. Mvua za alasiri zikileta unyevu, karatasi ikawa haikatiki, alikuja kukaa kwenye benchi letu na viazi vitamu vilivyofungwa kwenye jani la mgomba. Alinimegea nusu. Alinisimulia juu ya meli, na milima ya mbali, na rafiki yake mmoja aliyemzika huko kwa mikono yake. Nilimwambia mambo ambayo sikumwambia mama yangu. Nilimwambia kuhusu ualimu nilioukosa, naye hakuniambia ni mapenzi ya Mungu. Alisema ni hasara, akarudi kukata.

Sasa mzee huyu alikuwa na kijana wake, karani kwenye shamba la chai upande wa Kericho. Kila wiki nilisikia habari zake. Kijana ni mpole. Kijana hanywi. Kijana amenunua baiskeli. Nikamwambia, "Sokoro, unauza ng'ombe au unauza mtoto?" Akasema ng'ombe hauzwi kwa mtu asiye na malisho. Siku moja kijana mwenyewe akaja na hiyo baiskeli, mrefu, amechana nywele kwa njia pembeni, akanisalimia akitazama viatu vyangu. Nilimpenda, sikatai. Lakini nitasema ukweli: nusu ya kumpenda kwangu ilikuwa kwamba nyumba yenye mzee yule haiwezi kuwa nyumba ya upweke. Niliona jioni zangu zote za baadaye, moto, viazi, na yeye akisimulia.

Mtauliza: kwani wewe si Mgusii? Hukujua? Nilijua. Kwa asiye wa kwetu, nieleze. Tuna kanuni za heshima tunazoziita chinsoni, zinazopanga nani ataniane na nani, na nani amwonee haya nani. Babu na mjukuu hutaniana hadi watu wafunike nyuso. Lakini baba mkwe na mkamwana wake, hao haya yao imezidi zote. Hawashikani mikono. Hawakai benchi moja. Hawapokezani kitu, na maneno yao hupita kwa mdomo wa mtu mwingine. Ukivunja, kuna mnyama wa kuchinjwa na aibu ya kubaki nayo. Huo si uadui. Ni heshima, na heshima si utumwa, ndivyo wanavyosema wale ambao hawajawahi kukaa nayo chumba kimoja mchana kutwa.

Nilijua hayo yote kwa habari ya nyumbani. Kazini nilidhani ni nchi nyingine. Kazini kulikuwa na saa ya ukutani, na chai ya saa nne, na mwenye kiwanda aliyetuchanganya wake kwa waume bila kuuliza ukoo. Nadhani hata mzee alijidanganya hivyohivyo. Tulitaka kukaribiana zaidi, tukachagua njia hiyo moja inayotenga watu milele. Hata leo nikifikiria nataka kucheka na nashindwa.

Ng'ombe walikwenda kwa baba, harusi ikafungwa kanisani, nikahamia Manga, kwenye boma la mzee, nyumba yetu ikiwa chini kidogo ya yake. Jumatatu nikarudi kazini. Niliingia kwa mbio kwa sababu nilichelewa, na mdomo ukatangulia akili: "Bwakire, sokoro."

Mzee alikuwa ameshika mkono wa mashine. Aliuachilia polepole, akageuka ukutani, akapita kando ya madirisha hadi mlangoni, akatoka uani. Alikaa huko hadi nilipoketi mahali pangu. Sindano zote zilikuwa zimesimama. Mkubwa wetu, mama mmoja mnene ambaye alikuwa ameshona pale kabla yetu sote, akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, huyo si babu yako tena."

Kabla ya chai, meza ndefu ya kupangia karatasi ilikuwa imesogezwa katikati ya chumba. Mzee aliiomba mwenyewe. Nikimaliza fungu, niliweka upande wangu wa meza na kurudi kuketi. Nikishakaa, yeye alikuja upande wake, akalivuta, akaenda kukata. Akiwa na neno, alimwambia mama yule mnene: "Mwambie mkamwana mshono wa juu umelegea." Naye, ingawa nilisikia kila herufi, alinigeukia na kusema, "Mshono wa juu umelegea." Nami nilimjibu yeye, si mzee. Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi. Mwenye kiwanda aliona meza imehama, akauliza ni ya nini, akaambiwa ni kwa ajili ya mwanga.

Utani haubebeki kwa mdomo wa mwingine. Jaribuni mtaona. Habari ya uzi inapita, habari ya gundi inapita, lakini ule mchezo wa kutupiana maneno ukipita kwa mtu wa tatu unafika umekufa. Viazi navyo vikaisha. Alikula vyake akiwa uani.

Nilimkasirikia, nisifiche. Nilisema moyoni, mzee, wewe ndiye uliyenitangazia mtoto wako kama dawa ya sokoni, wewe ndiye uliyejua mila kuliko mimi, sasa umenileta kwako ili unigeuzie mgongo. Halafu nikimwona amekaa uani peke yake na jani lake la mgomba, hasira inaniisha na kubaki kitu kibaya zaidi. Sikutaka avunje chinsoni. Mimi si mwendawazimu, na kufikia hapo nilikuwa na watoto wa kulinda. Nilitaka neno moja tu kutoka kwake ambalo si la karatasi. Nilitaka kujua kama naye alikuwa amepoteza mtu wa kuzungumza naye, au kama ni mimi peke yangu niliyekuwa mjinga.

Nyumbani neno la namna hiyo halikuwa na njia. Mdomo wa mzee nyumbani ulikuwa mama mkwe wangu, mwanamke mwema mwenye masikio marefu. Mzee atamwambia nini? Nenda umwambie mke wa mwanetu kwamba nilizoea kucheka naye? Hata lingekuwa safi kama maji ya chemchemi, lingefika limechafuka. Na mume wangu alikuwa Kericho, akija mwisho wa mwezi, mpole kweli kama alivyosifiwa, mpole hata wa maneno. Asubuhi mzee alitangulia kuondoka, nami nilisubiri mlangoni hadi apotee kwenye kona ndipo nianze safari. Tulishuka njia moja kwenda mji mmoja kazi moja, mmoja nyuma ya mwingine, kila siku ya Mungu, na sikuwahi kuona uso wake njiani.

Kazi nayo ikaanza kupungua, kama maziwa ya ng'ombe aliyekaribia kuzaa, kidogo leo, kidogo kesho, hadi unashangaa. Kwanza ikaja mashine ya pini. Kitabu ambacho mtu alikishona kwa muda mrefu, mashine ilikipiga pini mgongoni, ta, ta, kikaisha. Pini ilishika kutu kwa mvua ya kwanza, lakini nani aliuliza. Hakuna mwanamke aliyefukuzwa. Ndiyo hila ya malipo ya fungu: hufukuzwi, unakosa fungu tu. Ulikuja asubuhi, ukakaa barazani, ukaambiwa leo hakuna, kesho hakuna, mwishowe mwenyewe ukaona aibu ya kuja. Mmoja akafungua kibanda cha nguo Magwagwa. Mwingine akaenda kwa kaka yake Nyacheki kuchuma majani chai, na alipokutana nami akanionyesha vidole, akasema vimebadilisha rangi tu. Mama mnene aliugua miguu, akabaki kwao. Mimi nilibaki kwa sababu vitabu vya nyimbo na rejista bado vilitaka uzi, na kwa sababu mshono wangu ulikuwa umefundishwa na jicho kali.

Mdomo wetu ukawa mwanamume mmoja kutoka upande wa ziwa, fundi wa majalada, mchangamfu, Mkristo wa kuimba kutwa. Nilidhani atatucheka. Hakucheka. "Hata kwetu mama mkwe nikimwona naingia kichakani," alisema, akachukua kazi ya kupeleka maneno kama aliyeajiriwa nayo. Huyu ndiye aliyekuwa mdomo mzuri kuliko wote, maana hakuwa wa kwetu, neno likipita kwake lilikuwa halina mahali pa kwenda baadaye. Nilimwona mzee mara kadhaa akimwita kando, akafungua kinywa, halafu akamwambia habari ya gundi. Nami nilifanya vivyo hivyo. Nilikuwa na neno mdomoni, nikamwambia amuulize mzee kama kisu kimenolewa. Tulidhani siku zipo. Kumbe naye alikuwa ameandika barua Kisumu, kwa kiwanda kikubwa chenye mshahara wa kweli na marupurupu, na siku ya Ijumaa akatuaga akiimba. Sikumlaumu. Ila Jumatatu nilipoingia chumbani, tulikuwa wawili.

Chumba kile kirefu, madirisha yote yale, meza katikati, na watu wawili wasioruhusiwa kusemezana. Mbele kulikuwa na vijana wa kuchapa, lakini mmoja wao alikuwa mtoto wa kaka wa yule mzee, na neno likiingia kwake jioni lingekuwa Manga kabla yetu. Tukakaa kimya siku nzima. Nilisikia karatasi ikipumua. Siku ya pili mzee akasimama mbele ya kisu chake, akakohoa, akasema kwa sauti, "Wewe mashine, leo nataka rejista kwanza, hivi vingine vitangoja."

Nilielewa. Nikaigeukia sindano yangu nikasema, "Wewe sindano, rejista zitakuwa tayari baada ya chai."

Hivyo ndivyo tulivyoendelea. Mtu akiingia ghafla angetushika tukiongea na vyuma. Lakini mambo ya kazi tu. Sote wawili tulilijua hilo bila kuambizana. Neno la uzi unaweza kulikabidhi kwa mashine. Neno la moyo halisemwi kwa chuma, linataka kinywa cha mtu kilibebe, la sivyo ni sawa na kumsemesha mtu mwenyewe, na hapo ndipo chinsoni inapovunjika. Kwa hiyo nilijua bei ya viwembe, nilijua karatasi gani ni laini, na sikujua kama yule mzee aliwahi kunikumbuka. Nilikuwa naye mchana kutwa na boma moja usiku, na sijawahi kuwa mpweke kama miaka ile. Hata kile kachumba cha nyuma ya soko kilikuwa afadhali, kule sikuwa na mtu wa kumkosa.

Mwenye kiwanda akazeeka, akaleta meneja kutoka Nairobi, kijana aliyesomea kazi ya uchapaji, aliyezaliwa mjini na kukulia mjini. Hakuwa mbaya. Alitusalimia kwa mkono asubuhi, wote wawili, mmoja baada ya mwingine, na hakuona kitu. Karatasi ilikuwa imepanda bei, madaftari ya shule yalikuja kwa malori yakiwa tayari kutoka viwanda vikubwa, na meneja akaleta gundi ya moto ambayo haitaki uzi wala pini. Akatuita ofisini, mzee akabaki mlangoni, mimi dirishani, akasema kazi ya nyuma sasa inatosha mtu mmoja. Mzee ametumika vya kutosha, atapumzika mwisho wa mwezi. Mama ni kijana zaidi, mama atabaki, lakini ajifunze kisu.

Hapakuwa na mwanamke aliyewahi kushika kile kisu. Na mwalimu alikuwa mmoja tu.

Basi alinifundisha. Alisimama kwenye mashine akaniacha mimi nyuma ya meza, akaiambia mashine kila kitu. "Wewe mashine, hutabana kabla karatasi haijagongwa ikalingana. Wewe mashine, atakayekushika asivae mikono mirefu. Asikuamini siku amechoka. Mkono mmoja usikae chini ya wembe hata kama wembe umelala." Akaondoka hadi dirishani, akanigeuzia mgongo, nami nikaenda mahali pake nikakata. Kwa sauti ya kisu alijua nimekosea. "Mashine imelia vibaya," alisema akitazama nje, nami nikarudia. Alinifundisha siku zote zilizosalia, kwa uvumilivu ambao sijaona kwa mwalimu yeyote, huku akijua ananipa kiti chake. Nikawa nangoja. Nilifikiri katikati ya maneno ya wembe atateleza, atasema neno lingine. Hakuteleza.

Siku yake ya mwisho meneja alikuja nyuma na chupa ya chai na mkate wa siagi. Vijana wa mbele walikuwa na kazi ya haraka, wakaja kumshika mkono mzee mara moja wakarudi kwenye mashine zao. Tukabaki watatu. Meneja akasema maneno mazuri, ya kweli hata, juu ya uaminifu. Mzee alinywa chai yake akiwa amesimama karibu na mlango, mimi yangu nyuma ya meza, nimempa upande wa bega kama ipasavyo. Akaweka kikombe. Akachukua koti. Kisha hakutoka.

"Meneja," akasema, na Kiswahili chake hakikusimama wima siku hiyo, "naomba umwambie huyu mama neno langu."

Nikashika meza. Nilielewa palepale alichokuwa akingojea. Meneja alikuwa mtu wa mbali. Hakujua ukoo wetu, hakujua Manga, neno lingepita kwake kama maji kwenye mfereji, lisibaki hata tone. Mzee alikuwa amemngojea mtu kama huyo tangu yule wa ziwa aondoke, na ujasiri ulimjia siku ya mwisho tu.

Meneja akacheka, si kwa ubaya. "Mzee, si huyo hapo? Mwambie mwenyewe. Mmekaa humu ndani miaka yote hii, leo ndio mnaoneana haya?"

Mzee alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili, akaizungusha, akaitazama ndani kana kwamba kuna kitu amekipoteza humo. Ningeweza kumweleza meneja. Ningeweza kusimama hapo na kumfundisha mila yetu tangu mwanzo hadi mwisho, na neno lingekuwa limekufa kabla sijafika nusu. Mzee akasema, "Basi. Si neno." Akageuka kwenda.

Hasira ilinipanda, sijui ni kwa nani. Kwa kijana yule na shule zake, kwa mila, kwa ile baiskeli. Nikasema, "Meneja, mwambie mzee nimesikia."

"Umesikia nini? Hajasema kitu."

"Wewe mwambie tu."

Meneja alinitazama, akamtazama mzee aliyesimama mlangoni bila kugeuka. Nadhani ndipo alipoanza kuona kwamba ameingia nyumba ya watu bila kubisha hodi. Akaweka kikombe chake chini. "Mzee," akasema polepole, "anasema amesikia."

Mzee akasema akitazama nje, "Muulize kama amesikia yote."

"Anauliza kama umesikia yote."

"Mwambie yote," nikasema. "Mwambie na mimi pia."

"Anasema yote, mzee. Anasema na yeye pia."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akavaa kofia yake, akatoka. Meneja alibaki amesimama katikati ya chumba, mkate mkononi, akiniangalia kwa macho ya mtu aliyebeba mzigo asiojua ni wa nani. "Mama," akaniuliza, "ni neno gani hilo?"

"Sijui," nikamwambia, nikaketi kwenye benchi, nikalia mbele yake bila haya.